Hugh Callendar, mtu wa waya wa platini aliyetupa digrii moja sote

Kila kiangazi hapa kwetu Al Wukair, kusini mwa Doha, nyumba yetu huishi kwa namba moja: 32.1. Mwanangu ni msimamizi wa usalama kwenye kazi za ujenzi, na namba hiyo ndiyo inayompa usingizi au kumkosesha.

Wengi wenu mnaijua habari hii, maana mna mume, kaka au mtoto anayefanya kazi nje. Kwa uamuzi wa wizara uliotolewa Qatar mwaka 2021, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15 hakuna kazi ya juani tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Halafu lipo sharti la pili lisilotazama saa. Kuna kipimo kinachochanganya joto la hewa, unyevu, ukali wa jua na upepo. Kikipita digrii 32.1, kazi isimame, hata kama ni saa mbili asubuhi. Msiichanganye namba hii na ile ya kwenye simu. Simu yaweza kusema 40 na kipimo hiki kikasema 31, au siku ya unyevu mwingi simu ikasema 36 na kipimo kikawa kimeshapita mpaka.

Siku moja mjukuu wangu aliniuliza swali lililonikalia kichwani. Baba yake ana kifaa chake, na kampuni ya ng'ambo ya barabara ina chao. Nani anajua kwamba 32.1 ya huyu ndiyo 32.1 ya yule? Nilifundisha sayansi zaidi ya miaka thelathini, na swali hilo sikupata kuulizwa darasani hata mara moja. Jibu lake linapitia maisha ya mtu mmoja, Hugh Longbourne Callendar, na leo nataka niwahadithie habari zake.

Alizaliwa Aprili 18, 1863, katika kijiji cha Hatherop, Gloucestershire, huko Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana wa kijiji hicho. Kijana akapelekwa shule ya Marlborough, kisha Chuo cha Trinity, Cambridge. Na huko, jamani, hakusoma fizikia. Alisoma Kiyunani na Kilatini, akapata daraja la kwanza mwaka 1884. Mwaka uliofuata akafanya mtihani wa hisabati, akapata daraja la kwanza tena. Baadaye akaonja na sheria, akaonja na udaktari, na akabuni hata mtindo wake wa hati mkato, akautolea kitabu mwaka 1889. Mtu wa namna hii kwetu wazee wangemwita mtangatangaji, mwenye kushika hili na kuacha lile.

Mwaka 1885 akaingia maabara ya Cavendish hapo hapo Cambridge. Mkuu wa maabara alikuwa J. J. Thomson, yule ambaye baadaye aligundua elektroni. Thomson akawa na kijana mwenye akili nyingi na mikono mizuri, ila fizikia hakufundishwa. Akampa tatizo moja lililohitaji subira na usafi wa kazi kuliko vitabu vingi: kupima joto kwa waya wa platini.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Waya wowote wa madini hupitisha umeme, lakini huukinza pia. Waya ukipata joto, ukinzani unapanda. Basi ukijua ukinzani, waweza kujua joto. Platini inafaa kwa kazi hii kwa sababu haipati kutu, haiyeyuki mpaka ifike digrii 1,768, na ukinzani wake hupanda kwa utaratibu. Chukua waya wa leo wa viwandani wenye ukinzani wa omu 100 kwenye barafu inayoyeyuka. Uutie kwenye maji yanayochemka, unakuwa omu 138.5. Kati ya hizo mbili ndipo joto linaposomwa.

Wazo hilo halikuwa la Callendar. William Siemens, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Uingereza, alikwisha kulitangaza mwaka 1871, akatengeneza vipimajoto vya tanuri. Kamati ya wanasayansi ikavijaribu, na majibu yakawa mabaya. Kila kipimo kikishatiwa motoni, kikitoka namba yake imehama. Unapima leo, unapima kesho, kitu kile kile, namba mbili. Wengi wakahitimisha kwamba platini haiaminiki, na jambo likalala zaidi ya miaka kumi.

Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule moja ya misheni huko pwani kwetu, tuliambiwa tuchemshe maji na kusoma kipimajoto. Changu kilionyesha 98. Nikaandika 98. Mwenzangu wa dawati hakukitazama hata kidogo, aliandika 100 kama kitabu kinavyosema. Yeye alipata alama zote, mimi nikapigwa mkasi mwekundu. Iliniuma sana, maana nilichoandika ndicho nilichokiona. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba kosa halikuwa kwangu wala kwenye maji. Tulikuwa usawa wa bahari, maji yale yalichemka inavyotakiwa. Kipimajoto ndicho kilichokuwa na kasoro, na hakuna aliyefikiria kukiuliza chenyewe.

Callendar alikiuliza. Badala ya kuilaumu platini, alitazama kilichoizunguka. Siemens aliuzungusha waya wake kwenye udongo wa kinu na kuutia ndani ya bomba la chuma. Kwenye moto mkali, vitu hivyo vilikuwa vinaichafua platini na kuiharibu. Waya ulikuwa mwema, jirani zake ndio wabaya. Callendar akachukua waya safi, akauweka mbali na vichafuzi, ndani ya kioo, na baadaye akautegemeza kwa vipande vya mika ndani ya mirija ya kioo au kaure. Akauchoma, akaupoza, akauchoma tena. Namba ikarudi pale pale.

Lakini kurudi pale pale hakutoshi. Saa iliyochelewa dakika kumi kila siku pia ni thabiti. Ilibidi aulinganishe waya wake na kipimo kilichoaminika wakati ule, nacho kilikuwa kipimajoto cha gesi. Gesi ikipata joto hutanuka au hukaza msukumo, na wanafizikia waliitegemea kwa sababu ilikaribia sana kanuni za kweli za joto. Tatizo lake ni ukubwa na ugumu: mirija, zebaki, mahesabu ya kurekebisha, kazi ya siku nzima kwa namba moja. Callendar akafanya jambo la akili. Aliutia waya wa platini ndani ya chupa ile ile ya hewa ya kipimajoto cha gesi. Hivyo vyote viwili vilikuwa kwenye joto moja, hapakuwa na ubishi kwamba huyu yuko karibu na moto kuliko yule.

Ndipo akaona siri. Ukisema barafu ni 0 na maji yanayochemka ni 100, kisha ukagawa ukinzani wa katikati sawasawa, waya unakosea kidogo. Na haukosei ovyo. Kosa lina umbo, la mkunjo mmoja mwepesi unaoandikika kwa mlinganyo mfupi. Kwenye digrii 50 za kweli, waya usiosahihishwa husoma kama 50.4. Kwenye digrii 32 hukosea kwa thuluthi moja ya digrii hivi. Huko juu kabisa, salfa inapochemka, hukosea kwa zaidi ya digrii 20. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 24, miaka miwili tu tangu aguse fizikia.

Hebu tusimame hapa. Mpaka wa kazi hapa Qatar umeandikwa kwa sehemu ya kumi ya digrii: 32.1. Kosa alilolisahihisha Callendar mahali hapo ni kama sehemu tatu za kumi. Yaani bila masahihisho yale, hiyo sehemu ya kumi ya mwisho ingekuwa pambo tu.

Mwaka 1888 akawa profesa wa fizikia katika chuo cha wanawake cha Royal Holloway, nje ya London. Katika miaka hiyo akapata mwenzake wa kazi, Ernest Griffiths wa Cambridge, na urafiki wao ulianza na kutokubaliana kwa namba. Griffiths alikuwa na vipimo vyake vya platini, na alivirekebisha kwa kutumia joto la kuchemka salfa. Namba ya salfa iliyoaminika ilitoka kwa Mfaransa Regnault, mtu mwenye heshima kubwa, naye alisema ni zaidi ya 448. Namba za Griffiths na za Callendar hazikupatana. Wangeweza kugombana, kila mmoja akashikilia chake. Badala yake walikaa pamoja, wakaipima salfa upya kwa kipimajoto cha hewa, wakapata 444.53. Mwaka 1891 wakatangaza. Kumbe vipimajoto vyao havikuwa na neno, ila namba ya mkubwa aliyetangulia ndiyo iliyokuwa imepotoka kwa karibu digrii nne, na watu waliitegemea kwa miaka mingi kwa kuwa ilitoka kwa mkubwa.

Ukishakuwa na namba tatu, yaani barafu, maji yanayochemka na salfa, ule mkunjo wa waya unajulikana wote. Mtu yeyote, popote, aliye na waya safi na hizo alama tatu, anaweza kujitengenezea kipimo. Haitaji tena kupeleka kipimajoto chake London au Paris kikaangaliwe. Hapo ndipo uzito wa kazi ya Callendar ulipo.

Mwaka 1893 alivuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada. Mwaka uliofuata akaoa, na akachaguliwa mwanachama wa Royal Society. Huko, pamoja na mwanafunzi wake Howard Barnes, walipima kwa umeme kiasi cha joto ambacho maji hubeba, wakiyaacha yatiririke mfululizo kwenye mrija mwembamba wenye vipimajoto vya platini mwanzo na mwisho. Alibuni pia mashine ya kuandika joto yenyewe kwa kalamu kwenye karatasi inayozunguka. Wenye viwanda waliipenda, maana tanuri halilali na mtu hulala. Alipoondoka McGill mwaka 1898, kiti chake kilichukuliwa na Ernest Rutherford, ambaye habari zake ni makala nyingine.

Alirudi London, na mwaka 1899 akapeleka pendekezo lake kwa wanasayansi wa Uingereza. Alisema, kwa maana, kwamba tuache kila nchi na kila maabara kuwa na kipimo chake. Kipimajoto cha gesi kibaki kuwa hakimu wa mwisho, lakini kwa kazi za kila siku tukubaliane juu ya waya wa platini, barafu, maji yanayochemka na salfa. Mambo manne tu.

Mtadhani walikubali siku ile ile. Wapi! Kila nchi ilikuwa na maabara yake, fahari yake na namba zake. Mwaka 1911 maabara za Ujerumani, Uingereza na Marekani zilianza kuelewana juu ya njia hiyo hiyo ya Callendar. Mwaka 1914 vita vikuu vikaanza, na watu waliokuwa karibu kupatana juu ya digrii wakawa maadui. Mazungumzo yakasimama kwa miaka.

Callendar hakukaa kusubiri. Tangu 1902 alikuwa profesa katika chuo cha sayansi cha London ambacho kiliingia ndani ya Imperial College. Alihamia kwenye mvuke, maana meli na mitambo ya umeme ya dunia ilikwenda kwa mvuke, na wahandisi walihitaji kujua mvuke una nguvu kiasi gani kwenye kila joto na kila msukumo. Majedwali yake ya mvuke yalitoka mwaka 1915 na wahandisi wakayatumia sana. Royal Society ilikwisha kumpa nishani ya Rumford mwaka 1906 kwa kazi zake za joto.

Hatimaye mwaka 1927 mkutano mkuu wa mataifa wa vipimo na mizani ulikubali kipimo kimoja cha joto cha kimataifa. Kutoka digrii 190 chini ya sifuri mpaka 660 juu ya sifuri, mwenye kusema alikuwa waya wa platini. Salfa ilikuwa ndani, sasa 444.60, ikiwa imesogea kidogo sana kutoka namba ya Callendar na Griffiths. Mlinganyo wa Callendar ulikuwa ndani pia, na kwa upande wa baridi ukaongezewa kipande na Mmarekani Van Dusen. Tangu pendekezo la 1899 ilikuwa imepita miaka 28. Callendar aliiona siku hiyo akiwa na miaka 64. Alifariki London Januari 21, 1930.

Kipimo hicho kimefanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo. Salfa imeondolewa. Tunachotumia sasa ni kipimo cha mwaka 1990, na mahali pa barafu pamechukuliwa na ile hali ambapo maji, barafu na mvuke hukaa pamoja, digrii 0.01 kamili. Ipo na galiamu, madini yanayoyeyuka kwenye 29.7646, joto la mkononi. Mwaka 2019 hata maana ya kipimo cha kelvini ilibadilishwa ikafungwa kwenye kanuni ya maumbile isiyotegemea maji. Lakini kutoka digrii 259 chini ya sifuri mpaka 961.78, yaani fedha inapoganda, anayesoma ni yule yule waya wa platini.

Na haya si mambo ya Ulaya peke yake. Shirika la viwango la Kenya na lile la Tanzania yana maabara za kulinganisha vipimajoto. Chanjo za watoto wetu hutunzwa kati ya digrii 2 na 8. Friji ya zahanati ikisema 7 kumbe ni 10, mama anarudi nyumbani akidhani mwanawe amekingwa. Kinachomlinda mtoto yule ni mnyororo: kipimajoto cha friji kimelinganishwa na kingine bora, hicho kimelinganishwa na kingine, mpaka unafika kwenye waya safi na alama zile za maumbile.

Hilo ndilo jibu nililompa mjukuu wangu. Kifaa cha baba yake na kile cha ng'ambo ya barabara vinasema digrii moja ikiwa vyote viwili vimefungwa kwenye mnyororo huo. Ndiyo maana kifaa halali huja na karatasi ya kulinganishwa yenye tarehe. Mnyororo ukikatika, kifaa bado kitaonyesha namba nzuri yenye nukta, ila itakuwa kama ile 100 ya mwenzangu wa dawati: imeandikwa vizuri, na haikupimwa. Hapa kwetu tofauti hiyo ina damu na nyama. Ni mtu aliye juu ya jukwaa la chuma, ametuma hela nyumbani wiki iliyopita, na kichwa kimeanza kumzunguka. Basi wewe mwenye mtu anayefanya kazi nje, mwambie kuuliza kifaa kililinganishwa lini si utovu wa adabu.

Kimebaki kisa kimoja. Callendar alipokuwa Montreal alizaliwa mtoto wa kiume mwaka 1898, Guy. Naye alikuwa mhandisi wa mvuke, akimfuata baba. Lakini baada ya kazi alikusanya kumbukumbu za joto kutoka vituo 147 vya hali ya hewa duniani, akakaa nazo na kalamu. Mwaka 1938 akatangaza kwamba dunia imepata joto kwa karibu sehemu tatu za kumi za digrii katika miaka hamsini, na akasema sababu mojawapo ni hewa ya ukaa itokayo kwenye makaa na mafuta tunayochoma. Wakubwa wengi wa wakati wake hawakushawishika.

Sehemu tatu za kumi, kiasi kile kile cha kosa alilolisahihisha baba yake ndani ya waya. Mtoto asingeweza kuliona joto dogo namna hiyo kama watu wa kizazi cha baba yake wasingehangaika na kulinganisha digrii za dunia. Leo jioni mwanangu amerudi mapema, kipimo kilipita saa tatu asubuhi na watu wakashushwa wote. Mjukuu alimpokea mlangoni, na kabla ya salamu alimuuliza tarehe ya ile karatasi.